Wanne na Mmoja wa Mungu

Kompyuta haina bibi. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na mengine yote yanatokea hapo. Ingekuwa na bibi, ingefundishwa mapema kwamba mama akiulizwa ana watoto wangapi, hajibu kama anayehesabu mihogo sokoni. Hutaja pungufu. Mmoja humwacha nje ya hesabu, awe wa Mungu, ili kifo kikipita karibu na kusikia, kisijue waliomo ndani ni wangapi. Na aliyeuliza, kama naye alilelewa na watu, huongeza mmoja kimoyomoyo, mazungumzo yakaendelea. Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa.

Godelieve alilijua jambo hilo vizuri. Alikuwa Mubembe wa kijiji cha Lweba, na bibi yake mwenyewe aliyezaa tisa alikufa akisema amezaa wanane. Kirundi alikipata ukimbizini Tanzania, alikoishi miaka kumi akichota maji bomba moja na Warundi. Kwa hiyo kambi ya Lusenda ilipofunguliwa jirani na kwao mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, na Warundi wakavuka mpaka kuikimbilia kwa maelfu, shirika moja lililokuwa linaandikisha watu lilimchukua awe mkalimani. Wakampa kizibao na kompyuta ndogo ya kushika mkononi. Siku ile alirudi Lweba juu ya pikipiki akiwa amevaa kile kizibao, na hakukivua hadi majirani wote walipokiona.

Katika wiki yake ya kwanza kazini alifika mbele yake mama mmoja aitwaye Clarisse Sinzinkayo, mkulima kutoka vilima vya upande wa Rumonge. Mume wake alikuwa ameuawa wiki mbili nyuma. Alikuja na wana watatu, Bienfait, Vainqueur na Jérémie, waliosimama wameshikana mashati wasipoteane. Alikuja na binti wa miaka mitatu, Arlette, aliyekuwa akilia njaa bila sauti. Na mgongoni, ndani ya kitenge, alibeba kichanga cha kike cha miezi miwili, kimelala usingizi wake bila habari na dunia.

Kompyuta ilitaka idadi ya watoto. Penye swali hilo palikuwa na nyota nyekundu, maana yake usipojibu husogei mbele. Godelieve akauliza kwa Kirundi, Clarisse akajibu: wanne.

Godelieve alimwangalia. Clarisse naye alimwangalia, na mkono wake ukaenda nyuma, ukakipigapiga kile kitenge polepole. Wanawake wawili wakaelewana kabisa. Ingekuwa mbele ya chifu au katekista, habari ingeishia hapo, kwa sababu mwenye macho yake angemwona wa tano. Lakini Godelieve aliandika wanne. Alijiambia kwamba yule mdogo atamwandika siku nyingine, mama akishapata nguvu, na kwamba si utu kumlazimisha mjane wa wiki mbili amtoe hadharani mtoto aliyemficha kwa Mungu. Nyuma ya Clarisse kulikuwa na mstari wa watu mia tatu, na mvua ilikuwa inakuja. Mashine ikauliza kama orodha ya watoto imekamilika. Godelieve akagusa Ndiyo.

Samaki mkunje angali mbichi. Godelieve alimwacha akauke. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila alipokutana na Clarisse kisimani walisalimiana kama ndugu, wakaulizana habari za wote, yule mdogo akichezea pindo la kizibao chake. Jina lake lilikuwa Kezimana. Kambi nzima ilimjua. Baadaye, shuleni, mwalimu alimwandika kwa kalamu kwenye daftari, bila nyota nyekundu.

Mwaka wa pili, Arlette alipata homa siku ya Jumatatu, na Jumatano wakamzika kwenye mteremko nyuma ya kambi, kando ya shamba la mihogo. Godelieve alikuja kwenye kilio, akaketi chini kwenye mkeka siku tatu pamoja na wanawake wengine. Hakuna aliyeipelekea kompyuta habari hiyo. Clarisse hakusema, na Godelieve hakuona ni kwa mdomo gani angemuuliza. Basi sehemu ya Arlette, unga wake na maharagwe yake, iliendelea kuja kila mwezi, akaila Kezimana. Majirani wote walijua, na hakuna aliyenung'unika. Kompyuta ilisema watoto wanne na nyumbani walikuwa wanne. Ukiwa na haraka ungesema mambo yamejirekebisha yenyewe.

Ikatimia hivyo miaka minane tangu waje. Kisha Clarisse akapata habari kwamba mama yake, kule kilimani, amekuwa kipofu na yuko peke yake. Akaamua kurudi kwao na msafara wa shirika. Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine kukubali, na kidole hicho kikafunga milango mingi kwa mara moja: kadi yake ya chakula ikachukuliwa, nyumba yake ikaandikiwa familia nyingine, jina lake likatoka kwenye ukimbizi. Msafara ungeondoka Jumanne. Alhamisi iliyotangulia, Godelieve alipewa orodha ya kusoma siku ya safari, naye akaipitia pale pale mezani kwa kidole, mstari kwa mstari.

Sinzinkayo Clarisse. Bienfait. Vainqueur. Jérémie. Arlette.

Kidole kilisimama hapo. Aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake kana kwamba Kezimana angekuwa ameandikwa upande wa pili. Mtoto aliyekufa alikuwa na kiti kwenye basi, na mtoto aliye hai hakuwa na kitu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Wilfried, mkuu wa biro, ile ofisi ya kuandikisha, mtu wa Bukavu, mpole, asiyependa kelele. Alimweleza kila kitu, tangu swali la kwanza hadi kaburi. Hakujikinga. Wilfried alivua miwani, akajifunika uso kwa mikono miwili. Halafu akavuta kompyuta yake kubwa karibu, wakaanza kutafuta njia.

Hapo ndipo Godelieve alipoijua mashine ile ilivyo. Walijaribu kuongeza mtoto kwenye familia ya Clarisse. Ilikataa, kwa kuwa familia ilishafungwa na kidole gumba. Walijaribu kuifungua familia. Ilikataa, kwa kuwa familia ina safari. Walijaribu kusogeza safari. Hilo halikuwa kwenye uwezo wa biro. Ilibidi barua iende juu, na barua zikienda juu hurudi baada ya miezi mitatu, zikirudi. Tena barua ingelazimika kueleza kwa nini binti wa miaka minane anaonekana leo, siku tano kabla ya kuvuka mpaka. Wilfried alisema wazi kwamba huko juu watasoma neno moja tu, wizi wa watoto. Familia yote itazuiwa ichunguzwe, na Clarisse hana tena nyumba ya kungojea ndani yake.

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi. Kezimana angeweza kuandikwa peke yake, kama mtoto asiye na mzazi.

Wakamwita Clarisse pamoja na binti. Clarisse alikaa kwenye benchi na Kezimana akajibana kwenye goti lake. Kompyuta iliuliza nani amemleta mtoto. Ilitoa majibu yake yenyewe ya kuchagua: jirani, mwalimu, polisi, mtu mwingine. Mama hakuwemo. Godelieve akachagua mtu mwingine. Mwishoni mashine ikatoa uamuzi wake kwa maandishi ya buluu: mtoto akae na familia ya malezi hapo kambini, na wazazi wake watatafutwa. Godelieve akatafsiri, kwa sababu ndiyo kazi aliyolipwa kufanya.

"Banatafuta nani?" Clarisse aliuliza. Miaka minane ilikuwa imempa Kiswahili cha pale.

"Wazazi yake."

"Mi niko hapa."

"Mi najua, Mama Bienfait. Mashini ndiyo haijue."

Clarisse alimtazama Wilfried, akaitazama ile kompyuta, akamtazama Godelieve. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, kwa maana Godelieve alikuwa tayari kutukanwa na hakuwa tayari kwa macho yale. Asiyekujua hakuthamini, hilo ni sawa na tumelizoea. Lakini hapa walikaa watu watatu wanaojua, chumba kimoja, mchana kweupe, na ujuzi wao wote haukufaa kitu mbele ya kioo kile.

Wilfried ndiye aliyerudi kwenye familia iliyofungwa, akasoma tena majina polepole. Akauliza huyu Arlette, wa miaka kumi na mmoja sasa, yuko wapi. Alikuwa ameshaambiwa yuko wapi. Akaifungua picha ya Arlette, iliyopigwa akiwa na miaka mitatu: uso mdogo umekunjamana kwa njaa, uso ambao mtoto yeyote angeweza kuwa nao. Akamtazama Kezimana juu ya miwani, kisha akaifuta ile fomu ya mtoto asiye na mzazi.

"Mashini inasema batoto bane," alisema taratibu. "Na miye naona batoto bane. Kwangu iko sawa. Lakini pale mulango ya bisi batauliza tena mama mwenyewe, batoto ni bangapi. Jibu ikikosana na mashini, familia yote itashuka."

Akainuka akaenda kusimama dirishani, na mgongo wake ukawaambia kwamba hajasema kitu.

Godelieve alimsindikiza Clarisse hadi kwenye kibanda, ambacho tayari kilikuwa na vyombo vya watu wengine mlangoni. Clarisse alikataa. Alikataa akiwa amesimama, akakataa akiwa ameketi. Hatamwita mtoto mzima jina la marehemu, alisema, kwani jina ni njia, na anayeitwa hufuata. Na zaidi ya hilo, lilikuwapo jambo ambalo Godelieve alilijua kabla halijasemwa. Zamani aliposema wanne, kulikuwa na wa tano mgongoni. Sasa wanne walikuwa wanne, basi.

"Unanisemea nihesabu bote," Clarisse alisema. "Mi sijahesabu bote hata siku moya. Hata siku ya kuzika Arlette sikuhesabu."

Godelieve alijibu, kwa sababu Jumanne ilikuwa inakuja. Alisema kosa ni lake yeye, si la Clarisse wala la Arlette. Alisema ile namba ni ya mashine tu, Mungu hasomi kompyuta. Alisema mengi, mengine hakuyaamini mwenyewe. Moyoni alijichukia: miaka minane nyuma alimwonea mama huyu huruma kwa dakika moja, na leo anamlipisha.

Kezimana alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akisugua kisigino ardhini. Walidhani hasikii.

"Kama mi niko Arlette," aliuliza, "Kezimana atabakia na nani?"

Clarisse akamvuta mtoto, akamweka katikati ya miguu yake kama anayetaka kumsuka, akaanza kumfundisha. Ukisikia Arlette Nimbona, unasema niko. Siku tatu walifanya hivyo. Mara nyingine Jérémie ndiye aliyeita, mara nyingine Vainqueur, na kila mara yule mdogo aliangalia kwanza nyuma yake, kuona kama kuna mtu anayekuja.

Jumanne mabasi matatu yalipanga mstari kando ya barabara ya Uvira, na vumbi lake. Watu walikuwa wamebeba magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Kwenye mlango wa kila basi alisimama afisa na kompyuta ya mkononi. Huyu wa basi la Clarisse alikuwa kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa wiki hiyo hiyo, mwenye Kifaransa chake na Lingala yake. Kiswahili alikuwa hajui hata salamu. Godelieve alisimama kando yake akishika megafoni. Wilfried hakuonekana. Ilisemekana ana kikao mjini Baraka.

Godelieve alisoma majina kwa utaratibu. Alipofika kwa Clarisse, sauti yake haikumwangusha. Bienfait akasema niko. Vainqueur akasema niko. Jérémie akasema niko.

"Arlette Nimbona."

Sauti ya megafoni ilikwenda mbali, juu ya mabati ya kambi, hadi kwenye mteremko wa nyuma. Msichana aliangalia nyuma yake. Clarisse hakumgusa wala hakumwangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imebanwa, na mikono yake ilishika mzigo wa nguo kwa nguvu kama kitu kinachotaka kukimbia. Kisha mtoto akasema niko, kwa sauti ndogo, akapanda ngazi ya kwanza.

Afisa akainua mkono, wote wakasimama. Akataka, kwa Kifaransa, mama aseme mwenyewe idadi ya watoto wake. Swali moja, nyota moja nyekundu. Godelieve akaligeuza kwa Kirundi, polepole, na macho yake yakamwomba Clarisse kila kilichoweza kuombwa kwa macho.

Clarisse alifungua mdomo. Godelieve aliliona neno likija, likafika kwenye meno, likarudi. Mama yule aliwatazama wanawe watatu. Alimtazama msichana kwenye ngazi. Zilikuwa siku tatu za mazoezi, na kabla yake miaka thelathini na mitano ya kufundishwa vingine. Akasema, kwa Kirundi, kwa sauti iliyosikika vizuri: watatu.

Afisa akamgeukia mkalimani, kidole kikiwa juu ya kioo.

Godelieve alijua namba tatu ikiingia mle ndani hakuna atakayeitoa. Alijua pia, kama alivyojua siku ile ya kwanza, mama huyu amesema nini. Tofauti ni kwamba siku ile ya kwanza aliandika alichosikia.

"Quatre," alisema: wanne.

Afisa akagusa. Kioo kikawa kijani. Akahesabu vichwa kwa kalamu yake, akaridhika, akawapisha njia. Clarisse alipofika usawa wa Godelieve alisimama kidogo. Aliinama kama anayetengeneza kitenge, mdomo wake ukawa karibu na sikio la mwenzake.

"Umwangalie Arlette wangu," alisema, akapanda.

Basi lilipoondoka, msichana alikuwa ameweka paji la uso wake kwenye kioo cha dirisha, anamtafuta yule mama wa kizibao. Alimwona. Alipunga mkono. Godelieve alitaka sana kuita jina lake, lile la kweli, japo mara moja, ili mtoto aende nalo. Megafoni ilikuwa mkononi. Lakini afisa alikuwa bado amesimama pale, kompyuta yake ikiwa wazi, naye Godelieve akainua mkono tu na kuupunga kama wengine.

Saa saba mchana alirudi biro kufunga familia zilizoondoka. Kazi hiyo ni ya kugusa tu: familia, imesafiri, idadi, tarehe. Alizifunga ishirini na sita bila kufikiri. Alipofikia Sinzinkayo Clarisse, watoto wanne, wamesafiri wanne, mashine ikaleta swali lake la mwisho, lile inalouliza kwa kila familia: Je, kuna mtu wa familia hii aliyebaki kambini?

Kwenye dirisha la biro unauona ule mteremko, na shamba la mihogo, na pale alipolala Arlette, ambapo udongo haujawahi kulimwa. Godelieve alitazama huko. Halafu alitazama nyota nyekundu. Hakukuwa na nafasi ya kuandika neno, kulikuwa na Ndiyo na kulikuwa na Hapana.

Akagusa Hapana. Mashine ikamshukuru, ikafunga. Godelieve alivua kizibao, akakitundika kwenye kiti, akaenda kuazima jembe.